Daktari wa Kunyoosha Meno Hakunyoosha Kitu

Mimi hulipa nikiona kitu. Fundi baiskeli akiziba pancha, kiraka nakiona. Kinyozi akimaliza, nywele zangu zipo sakafuni, naweza hata kuzihesabu, maana siku hizi si nyingi. Mganga wa kienyeji, pamoja na mambo yake yote, hukuachia walau kichupa cha kwenda nacho nyumbani. Sasa naomba mnisaidie kuelewa. Mtu mzima nimeamka saa kumi usiku hapa Tukuyu, nimelowa mvua hadi stendi, nimepanda Kosta na binti yangu mpaka Mbeya mjini, nimelipa kumwona daktari bingwa wa kupanga meno, nimelipa na picha, halafu jioni nimerudi na mtoto yuleyule, meno yaleyale, yamekaa palepale. Waya hakuna. Chuma hakuna. Hata kale kasindano ka ganzi, ka kuonyesha tu kwamba kazi imefanyika, hakuna.

Binti yangu ana miaka 12, yuko darasa la sita. Chonge lake la juu, upande wa kulia, limeotea juu ya wenzake, kama muumini aliyechelewa ibada akakuta mabenchi yamejaa, akaamua kusimama dirishani. Mimi sikuona tatizo. Linatafuna? Linatafuna. Linauma? Haliumi. Mama yake ndiye aliyeona nisichokiona: tangu mwaka jana mtoto akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Nikasema hiyo ni adabu. Mama yake akaniangalia jicho lile ambalo waliooa wanalijua, na wiki ileile tukawa kwa tabibu wa meno hapahapa Tukuyu. Tabibu akatazama, akahesabu, akasema hii si kazi ya kung'oa wala ya kuziba, ni ya bingwa wa mpangilio wa meno, na mabingwa hao nchi nzima ni wachache, wengi wako Dar es Salaam. Bahati nzuri, akasema, yupo mmoja anayekuja Mbeya kwa ratiba. Bahati nzuri ya nani, hakufafanua.

Wiki nzima kabla ya safari, mtaa ulinifundisha udaktari bure. Jirani wa upande wa juu aliapa kwamba wanatumia nyundo ndogo. Jirani wa upande wa chini akasema hapana, wanachonga meno yote kwanza, kama fundi seremala anavyosawazisha mbao. Mama mmoja muuza ndizi alinivuta pembeni, akaniuliza kwa upole kama nimefikiria suala la radi, maana mtoto atakuwa na chuma mdomoni, na radi za Rungwe hazisubiri mwaliko. Nami, badala ya kunyamaza, nikatangaza pale dukani kwangu kwamba Jumatano jioni mtoto atarudi na vyuma vinang'aa, na anayetaka kuviona aje.

Tukaondoka. Kwenye Kosta yetu siti ya watu wawili ni ya watu watatu na mkungu wa ndizi. Kiwira tukapakia, Isongole gunia la viazi likapata nafasi kabla ya mwalimu mmoja mwenye mkoba, na konda akatuambia tusogee, kuelekea wapi hakusema. Katika msongamano ule nikawa nawaza namna wazee wa zamani walivyomaliza mambo ya meno bila miadi. Wamasai waling'oa mawili ya mbele ya chini. Wajaluo waling'oa sita ya chini, na kijana akahesabiwa mtu mzima. Wamakonde waliyachonga ya mbele yakawa na ncha. Hakuna risiti, hakuna kurudi baada ya wiki sita, na aliyetoka pale kila mtu alimwona kwamba katoka mahali. Hiyo ndiyo naita huduma. Nilipofika Uyole nilikuwa nimeshawakasirikia madaktari wote wa kisasa, na hata mmoja nilikuwa sijamwona.

Kliniki yenyewe sitaitaja. Benchi lao la mapokezi lina mguu mmoja mfupi, na kila aliyekaa mwisho akisimama, sisi wengine tunainama pamoja kama kwaya. Nikapewa fomu. Nilitegemea jina, umri na kijiji. Loo! Karatasi ikaanza kunichunguza kama mchumba. Mtoto ana pumu? Ana tatizo la moyo? Anatumia dawa gani? Kuna kitu kinamdhuru akila au akigusa? Aliwahi kuanguka akaumia taya? Alinyonya kidole hadi umri gani? Analala mdomo wazi? Anakoroma? Nani mwingine katika familia ana meno yaliyopandana? Hapo nikafunga mdomo wangu taratibu, nikaruka swali.

Swali jingine sikuweza kuliruka, maana daktari mwenyewe alilirudia tulipoingia. Alikuwa dada kijana, rika la mdogo wangu wa mwisho, sauti ya upole, macho ya mkaguzi wa mahesabu. "Baba, alipokuwa mchanga, alitolewa meno ya plastiki?"

Wenye watoto mnajua. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, hatakosekana mtu wa kusema ana meno ya plastiki, wengine huyaita ya nailoni, na ni lazima yatolewe na mtaalamu wa kienyeji la sivyo atakufa. Daktari akaeleza kwamba kinachochimbuliwa pale ni chonge changa, jino halali kabisa ambalo bado limelala ndani ya fizi. Mtoto hubaki na kidonda, anaweza kupata maambukizi mabaya, na akikua utakuta mengine hayakuota kabisa au yameota yamepinda. Homa yenyewe ilikuwa malaria au tumbo, na imeachwa bila dawa. Nikamjibu kwamba huyu wetu alinusurika. Shangazi yangu mmoja alishaandaa safari, mama wa mtoto akamfunga mgongoni, akaenda naye hospitali, na kwa miezi mitatu shangazi hakusalimia nyumba yetu. Kwa hiyo chonge hili linalonitia gharama leo lipo kwa sababu ya ugomvi ule. Sikujua nimshukuru mke wangu au nimdai.

Kisha daktari akanipa mgongo. Akamgeukia mtoto, akamuuliza, "Mama, wewe mwenyewe kinachokusumbua ni nini?"

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kujibu. Nikabaki nayo kifuani. Ghafla nikatambua kwamba tangu habari hii ianze, mimi, mama yake, tabibu, muuza ndizi na wale majirani wawili, wote tulikuwa tumetoa maoni, na mwenye meno hakuna aliyemuuliza. Binti akaangalia viatu vyake. Akasema, "Nataka nikicheka nisizibe mdomo." Daktari akaandika sentensi ile kwenye faili, neno kwa neno, kabla hajagusa jino hata moja.

Hata alipoanza kazi hakuanza na meno. Alimtazama uso mbele, akamtazama ubavuni, akamwambia ameze mate, afunge midomo, afungue mdomo mpaka mwisho, huku yeye ameweka vidole mbele ya masikio asikilize maungio ya taya. Ndipo akaingia na kioo kidogo na rula nyembamba, akawa anamtajia msaidizi wake tarakimu. Katikati ya tarakimu nikasikia, "Daraja la pili."

Nikashusha pumzi. Kwetu mtoto akipata daraja la pili kidato cha nne, kuku anachinjwa. Nikasema, "Si haba, daktari." Msaidizi akainamia karatasi zake, mabega yakitikisika. Kumbe si mtihani. Kuna Mmarekani anaitwa Edward Angle, mwaka 1899 aliugawa ung'ataji wa meno katika makundi matatu, akitazama namna magego makubwa ya kwanza ya juu na ya chini yanavyokutana. Daraja la pili maana yake ya juu yamekaa mbele kuliko yanavyopaswa. Kuku akapona.

Nikauliza sasa kosa la nani. Daktari akauliza kama kuna gego la utoto liling'olewa mapema. Lipo. Akiwa na miaka saba lilitoboka, likamliza usiku kwa siku mbili mfululizo, likang'olewa. Na lilitoboka kwa nini? Hapo nikaona niangalie dirishani, maana baba yake ana duka, na duka lina pipi, na pipi zilikuwa kwenye kopo lisilo na mfuniko.

"Jino la utoto, baba, hukaa pale kumshikia mwenzake nafasi," akasema. "Likitoka kabla ya wakati, la nyuma husogea mbele."

Hapo nilielewa kuliko profesa. Hili ni suala la kiwanja! Mwenye eneo kaondoka, jirani kahamisha bikoni usiku, na mrithi halali alipokuja na hati yake mkononi akakuta pameshajengwa. Chonge la juu ni miongoni mwa meno ya mwisho kuota, mtoto akiwa na miaka kumi na moja, kumi na mbili hivi, kwa hiyo ndilo hukuta ardhi imekwisha. Daktari akaniambia chama cha madaktari wa fani yake huko Marekani hushauri mtoto aangaliwe mara ya kwanza akiwa na miaka 7, si ili afungwe vyuma, bali migogoro hii ionekane mapema. Wa kwangu akiwa na miaka 7 nilikuwa nimemfunga uzi kwenye jino na ncha ya pili kwenye kitasa cha mlango, na jino tukalirusha juu ya bati.

Zikafuata picha. Mtoto akavalishwa vidude vya plastiki vinavyovuta midomo pande zote, akawa anacheka bila kutaka, na daktari akapiga picha mbele, kushoto, kulia, juu na chini. Kisha msaidizi akaleta bakuli la mpira, akamimina unga, akamimina maji, akaanza kusonga. Jamani, nimeona watu wakisonga ugali, lakini yule dada alikuwa anasonga kwa hasira, anaukandamiza kwenye ukuta wa bakuli mpaka ukalainika, rangi ya waridi, harufu ya peremende. Akaujaza kwenye kitu kama kijiko cha umbo la kwato, akakiingiza mdomoni mwa mwanangu, akashikilia. "Inama mbele kidogo. Pumua kwa pua. Tikisa vidole vya miguu." Vidole vya miguu! Nikajikuta na mimi natikisa vyangu ndani ya viatu vilivyolowa. Dakika mbili, tatu, mtoto machozi yanamlenga, mate yanadondoka kwenye taulo la karatasi, halafu ghafla kikatoka kizima, na ndani yake kila jino limeacha shimo lake. Shimo la chonge lilikuwa juu, peke yake, pembeni. Humo humiminwa jasi, ndipo daktari hupata mfano wa meno wa kukaa nao mezani akapima vizuri, mtoto akiwa zake shuleni.

Kilichoninyamazisha ni eksirei. Alisimama wima, hereni zimetolewa, ameng'ata kijiti, mashine ikamzunguka kichwa taratibu kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani. Picha ilipotokea kwenye skrini, niliona taya nzima ya mwanangu imekunjuliwa kama kitenge. Na kule mwisho kabisa, nyuma ya magego yote, ndani ya mfupa, palikuwa na vivuli vinne vidogo, kama mbegu za mboga. "Hayo ni magego ya mwisho," daktari akasema. "Yataota akiwa na miaka 18, 20, au zaidi." Nikasogea karibu na skrini. Mtoto huyu bado anagombana na mdogo wake kwa ajili ya ukoko wa wali, na meno ya utu uzima wake yameshakaa foleni, yanasubiri. Nilikohoa kidogo. Ni baridi ya Mbeya.

Ndipo yakaja maneno ya mwanya. Mwanangu ana mwanya wa juu katikati, kama milimita mbili. Kaurithi kwa mama yake. Na mwanya ule, wasomaji wangu, ndio ulionitoa kwetu nikaenda kulipa mahari. Nchi hii mwanya ni uzuri, na wanaojua kusifia huanzia hapo. Daktari akaupima kwa rula yake. "Tukiufunga huu, tunapata sehemu ya nafasi ya chonge. La sivyo tutatafuta kwingine, pengine hata kwa kutoa jino jingine."

Mnaliona hilo? Kiwanja cha ukoo ndicho kinachotakiwa kupimwa kipewe mvamiwa! Nilikuwa tayari kusimama kama mzee wa baraza. Mtoto akaniwahi. "Huu uacheni. Ni wa mama." Daktari akaandika na hiyo. Akasema ataangalia vipimo na mifano, atuletee njia mbili tatu, kila moja na faida na hasara zake, tuchague.

"Kwa hiyo vyuma vinafungwa saa ngapi?" nikauliza.

"Leo hatufungi kitu, baba."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akaeleza kwa subira. Siku ya kwanza ni ya kuuliza, kupima na kupiga picha. Mpango huja baadaye. Tena kuna gego moja limeanza kutoboka, likazibwe kwanza hukohuko Tukuyu, na fizi zisafishwe, kwani kufunga waya kwenye meno machafu ni sawa na kuweka mbolea shambani kabla ya kupalilia. Vikishafungwa, mara nyingi ni miezi 18 hadi 24, wengine zaidi, na kila wiki nne hadi sita anakuja kukazwa. Nikauliza kwa nini wasivute kwa nguvu mara moja tukamaliza. Akasema jino halivutwi kama kigingi. Linabanwa kidogo kidogo, mfupa ulio mbele yake unayeyuka, ulio nyuma unajengeka upya, na kasi yake ni kama milimita moja kwa mwezi. Na vyuma vikitolewa, anavaa kishikizi, maana meno yana kumbukumbu, yakiachiwa tu yanarudi kwao.

Makadirio aliyaandika kwenye karatasi, akaikunja kabla ya kunipa, na kwa hilo nilimheshimu. Kiasi sitakitaja. Kwa lugha ya hapa kwetu ni ng'ombe wa maziwa na ndama wake, ila ng'ombe huyu unaruhusiwa kumlipa mguu kwa mguu. Kisha akataja marufuku: miwa, mahindi ya kuchoma, karanga, mifupa, pipi za kunata, na kufungua soda kwa meno. Nikauliza atakula nini. Ndizi, akasema, parachichi, viazi, maharage, vitu laini. Yaani mbalaga ya mama yake! Safari yote ile ili niambiwe dawa ni kula kama Mnyakyusa.

Nikafungua mdomo nilalamike kuhusu kurudi. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la siku.

"Baba, na hilo gego la chini kushoto?"

"Lipo," nikasema.

"Naliona. Nusu."

Njia nzima ya kurudi binti alikula mahindi ya kuchoma, mawili, kwa kisingizio kwamba bado hajafungwa. Na pale dukani kwangu, kama nilivyoalika, walikuwa wamekusanyika na miavuli yao. "Mugonile." "Ndaga." Kisha kimya, macho yote mdomoni kwa mtoto. Akafungua. Jirani wa upande wa juu akainama, akachungulia, akamulika kwa simu. "Mbona hakuna kitu?"

"Tumeambiwa turudi."

"Kwa hiyo umelipa kuambiwa urudi?"

Lilikuwa ndilo lalamiko langu, nimelibeba tangu Uyole, nimelichambua, nimelipanga maneno. Lakini kulisikia kwa mdomo wa mtu aliyeniambia habari za nyundo kuliniudhi. Nikamuuliza ile miche yake ya parachichi ya Hass, ya kubebesha, aliyopanda kule bondeni, imemzalia lini. Akasema mwaka wa tatu. Na siku ya kwanza bwana shamba alipokuja alimwachia nini? Akafikiri. "Alipima tu udongo, akaondoka." Na ulimlipa? Hakujibu, akafunga mwavuli, akaufungua tena. Ni mimi niliyesema hayo? Ni mimi. Mama wa mtoto alikuwa mlangoni, kasikia yote, na ule mwanya wake ulikuwa nje kabisa.

Kitu kimoja tu ndicho kilichobadilika nyumbani kwangu usiku ule. Daktari alimwagiza mtoto apige mswaki dakika mbili kamili, asubuhi na kabla ya kulala, na mtoto, kwa roho mbaya, akaamua agizo lile ni la kaya nzima. Kopo la pipi limepata mfuniko. Saa tatu usiku, mvua inapiga bati, akanisimamisha kwenye beseni na saa ya simu mkononi. "Baba, bado nusu dakika. Na kule nyuma." Nikaenda kule nyuma. Kisha nikasukutua. Maji ya Tukuyu saa tatu usiku, yaliyoshuka Mlima Rungwe bila kupita popote penye jua, yakaingia kwenye lile gego nusu.

"Baba, mbona umeruka?"

"Baridi," nikasema.

Miadi yake ni baada ya wiki sita. Yangu ni kesho kwa tabibu, saa mbili asubuhi, na dukani nimeacha neno kwamba nimekwenda kufuata unga.